Hojaji Zilizorudi Zikifanana

Siku mliyoniaga ofisini mlinipa keki, blanketi na saa ya ukutani. Saa, kwa mtu ambaye hatakiwi tena kufika popote mapema! Hata hivyo asanteni. Inaning'inia sebuleni na mume wangu anaitumia kujua wakati wa taarifa ya habari. Tulipokuwa tukikata keki, Mwende, yule mdogo wenu anayekaa dawati la karibu na mlango, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Madam, hiyo masters ya kuandika tu bila kuingia darasani, uliimaliza aje na hii kazi yetu?" Nilikuwa na keki mdomoni, nikamwambia nitamwandikia. Mkacheka, mkidhani ni ahadi ya mstaafu. Haya, nimekaa sasa, na chai iko hapa.

Vyeo nitaviruka. Mnavijua, na vingine mlikuwa mkivimezea mate. Nitaanza na siku ya kwanza kazini, kwa sababu bila siku hiyo hamtaelewa ni kwa nini nilikaribia kufukuzwa chuo nikiwa tayari nina wajukuu.

Nilipelekwa Masinga nikiwa msichana wa sketi iliyonyoshwa vizuri na viatu vya kisigino, afisa mpya kabisa wa maendeleo ya jamii. Bosi wangu alikuwa Mzee Muli, mtu mfupi wa maneno machache, ambaye gari lake la kazi lilibeba sururu na makoleo mengi kuliko faili. Asubuhi hiyo hiyo akanipeleka kwenye mwethya. Kwa wale wa ofisini ambao si Wakamba, na najua mko: mwethya ni majirani wanaokusanyika kufanya kazi pamoja. Leo wanachimba matuta kwa shamba la huyu, kesho wanabeba mawe ya kujenga bwawa la mchanga mtoni. Nilishuka garini na kalamu na karatasi, tayari kuuliza mwenyekiti ni nani na katibu ni nani. Mzee Muli akanishika kiwiko.

"Hiyo kalamu rudisha kwa gari," akaniambia. "Chukua sururu."

"Lakini mzee, na viatu hivi?"

"Vua."

Nikavua. Nilichimba mpaka jua likawa la utosi na viganja vikajaa malengelenge, na hakuna aliyenisemesha ila kunicheka. Tulipokaa kula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, mama mmoja alinisogezea sahani akaanza kunieleza, bila kuulizwa, nani hupanga kazi, nani husuluhisha ugomvi, na nani hakufika siku ile na kwa nini. Tangu hapo nilikuwa na sururu yangu mwenyewe. Wengi wenu mliiona nyuma ya kabati la faili mkadhani ni ya kuchimbia bustani ya ofisi.

Miaka ikaenda. Tulisaidia kujenga mabwawa ya mchanga Masinga, Katangi na huko kote ambako mto huwa mchanga mkavu karibu mwaka mzima, na maji yamejificha chini yake. Kila mradi ulipoisha alikuja mtaalamu kutoka mbali kuutathmini, na kila ripoti ilikuwa na ukurasa wa kusema kwamba vikundi vyetu havina uongozi. Kwa sababu gani? Hawana mchoro wa vyeo ukutani, na mikutano yao haiandikwi. Watu wamejenga ukuta wa mawe kuvuka mto mzima, kila mmoja akijua siku yake na kazi yake, halafu unaambiwa hawana uongozi! Ripoti ya mwisho niliisoma nikiwa kwa foleni ya benki, nikasema "Wee!" kwa sauti mpaka askari wa mlangoni akaniangalia vibaya.

Nilikuwa nimebakisha miaka michache nistaafu. Nikaamua kwamba sitatoka ofisini kabla sijaandika jinsi watu hawa wanavyoendesha kazi zao, na nitaandika mahali ambapo wenye ripoti hawataweza kujifanya hawajaona. Ndipo nikajiandikisha kwa shahada ya uzamili ya usimamizi, ile ya utafiti. Mume wangu aliuliza natafuta nini huko na umri huu. Nikamwambia natafuta mtu wa kubishana naye kwa maandishi, kwa sababu yeye nimemchoka.

Sasa Mwende, sikiliza. Masters ya utafiti haina darasa, haina mtihani, wala haina mwenzako wa kukuazima noti. Ni wewe, swali lako na msimamizi wako. Watu hudhani ndiyo rahisi. Darasani angalau kengele hulia mkaenda nyumbani, lakini swali la utafiti linakufuata hadi jikoni, unapika nalo ugali. Msimamizi wangu alikuwa Dkt. Wanjira, mama wa kutoka upande wa Murang'a, mdogo kwangu kiasi cha kuwa kitinda mimba wa mama yangu. Alikuwa mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Mara ya kwanza aliniambia swali langu ni pana kama uwanda wa Yatta na halina njia ya kushukia. Aliniandikisha upya pendekezo la utafiti mara nyingi hata nikaacha kukasirika nikaanza kujifunza.

Tulikubaliana nitumie hojaji: karatasi yenye sentensi kadhaa, na kila mwanakikundi peke yake anatia alama kuanzia moja, nakataa kabisa, hadi tano, nakubali kabisa. Tatu ni ya katikati, sina hakika. Nilimwambia Daktari kwamba mimi nikienda kwa vikundi huwa naenda na sururu. Akacheka.

"Safari hii uiache, Mama Ndinda. Wanakujua, wanakupenda, watakujibu unachotaka kusikia. Wapelekee hojaji, ondoka, rudi uzichukue. Hiyo ndiyo njia safi."

Nikafanya hivyo. Nilienda Ekalakala kwa kikundi cha Mama Katunge, ambaye tulikuwa tumejuana tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, nikampa karatasi awagawie watu wake. Niliporudi kuzichukua zilikuwa zimefungwa ndani ya leso safi, hakuna hata moja iliyopotea au kuchafuka. Nilifurahi njia nzima mpaka Machakos.

Nilipoketi kuziingiza kwa kompyuta, furaha ikaisha. Ya kwanza na ya pili zilifanana. Ya tatu ikafanana na hizo. Zote! Kila sentensi, alama ile ile, kalamu ile ile ya samawati, na alama zenyewe zimetiwa na mkono mmoja. Sentensi ya kumi na nne ilisema, "Kiongozi wetu husikiliza maoni yasiyolingana na yake." Kikundi kizima, tatu. Sina hakika.

Nilizipeleka kwa Dkt. Wanjira mwenyewe, kwa sababu sikujua la kufanya. Alizifunua moja moja, polepole, kisha akavua miwani.

"Mama Ndinda, umejaza hizi wewe?"

"La hasha, Daktari."

"Mtu yeyote atakayeziona atasema data imepikwa. Zikifika kwa kamati ya maadili, utaondolewa, na mimi nitaulizwa nilikuwa wapi." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Kikao cha idara kiko mwisho wa mwezi. Niletee maelezo. Usipoleta, itanibidi niandike nilichoona."

Nilifika kwa gari nikalia. Sitaficha. Nilijiona kwenye ubao wa matangazo, mama mzima, jina langu limeandikwa kwamba nimebuni watu. Na wale wenye ripoti watasema nini? Watasema si tuliwaambia, hata anayewatetea lazima adanganye ndio wapate uongozi. Hapo machozi yakakauka. Nikapangusa uso, na kesho yake nikatoa sururu nyuma ya kabati.

Niliwakuta mtoni wakipanga mawe. Sikusema kitu, nikaingia kwa mtaro nikachimba hadi wakati wa chakula. Tulipokaa, nikamwambia Katunge, "Mwaitu, zile karatasi mlijaza aje?" Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na sisi huitana hivyo kwa heshima.

"Vizuri sana! Kwani umeshapita?"

"Bado. Nieleze tu mlivyofanya."

"Tulikaa kwa darasa la nasari baada ya misa. Katekista akatusomea moja moja, tukajadiliana, tukikubaliana anatia alama kwa zote. Woi, hiyo kazi! Mpaka chakula kikapoa."

"Lakini kila mtu alitakiwa ajaze yake."

Aliniangalia kama mtu aliyesema kila mmoja ajenge bwawa lake. "Yake ya nini? Si umeuliza kikundi kinaendeshwa aje? Sasa huyu aseme hivi, yule aseme vile, halafu huko chuo waseme mtu wetu amewapelekea kelele? Hapana. Sisi tulitaka upite."

Sikujua nicheke au nipige mayowe. "Na ile ya kumi na nne? Ati wote hamna hakika kama kiongozi husikiliza?"

Watu wakainamia sahani. Kiongozi ndiye huyo Katunge. Yeye ndiye aliyecheka kwanza.

"Hiyo ndiyo ilitumaliza. Kuna wale walisema nasikiliza sana. Kuna wale walisema sisikilizi mtu. Mbele yangu! Tukabishana mpaka mmoja akabeba kiondo chake akaenda zake, ikabidi afuatwe. Mwishowe tukakubaliana iwekwe katikati. Na mimi nikakubali kitu: nikimaliza kuongea, anayefuata kuongea ni yule hakubaliani na mimi. Mpaka leo tunafanya hivyo."

Nilikaa juu ya jiwe na sahani mkononi. Katika vitabu vyote nilivyosomeshwa, tatu ni alama ya mtu asiyejua. Hapa tatu ilikuwa mapatano ya watu waliogombana siku nzima na kubadilisha namna ya kuendesha mikutano yao. Hojaji yangu ilikuwa imemeza hayo yote na kutema namba.

"Ni nani walisema husikilizi?" nikamuuliza.

"Hiyo siwezi kukwambia."

"Hata mimi, Katunge?"

"Hata wewe. Tulishakubaliana."

Dkt. Wanjira alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema jambo ambalo kwa mtafiti ni la haki kabisa. "Nipe majina mawili ya wale waliopinga. Nitawapigia simu. Wakithibitisha, mambo yameisha leo."

Nawaambia ukweli, nilikuwa na wazo mmoja wao ni nani. Si kila mtu Ekalakala angeweza kumsusia Katunge akaondoka na kiondo. Ningetaja jina hilo, ningetoka pale nimepona. Lakini mama huyo alirudishwa ndani kwa makubaliano kwamba hakuna atakayemtaja nje, na mimi nilitaka kuandika tasnifu nzima juu ya makubaliano hayo. Ningeyavunja ndipo niyasifu?

"Sina majina, Daktari. Na ningekuwa nayo nisingekupa."

"Unajua unaweka nini hatarini?"

"Najua. Wewe njoo uone kwa macho yako."

Akafungua kalenda yake. Nitamheshimu kwa hilo mpaka nife, kwa maana angeweza kunifungia mlango na hakuna ambaye angemlaumu.

Alikuja Jumamosi akiwa amevaa raba nyeupe pepe. Alileta hojaji yake mwenyewe ambayo mimi sikuionyeshwa, fupi tu, kuhusu jinsi ya kuchagua mahali pa bwawa linalofuata. Alileta na kalamu, ya kila mtu yake. "Tafadhali, kila mtu ajaze peke yake bila kushauriana," akawaambia. Wakashukuru. Wakasema ndiyo, wameelewa. Mimi nikachukua sururu nikashuka mtaroni, mbali kiasi, asije mtu kusema niliwakonyeza.

Hazikupita hata dakika nyingi nikamsikia katekista. "Haya, ya kwanza inasema..."

"Hapana, hapana," Daktari akaingilia. "Kila mtu yake."

"Ndiyo, Daktari. Tunasoma tu."

Kisha sauti nyingine: "Sasa kwa hii ya kwanza, tunasemaje?"

Aliwatenganisha tena, wakatii tena, wakarudiana tena bila ubishi wowote, na kwa heshima zote. Mwisho Daktari akakata tamaa akaketi juu ya mawe. Kwa sababu hajui Kikamba, wao wakaendesha mjadala wote kwa Kiswahili, ili mgeni asiachwe nje. Walibishana hasa! Huyu anataka bwawa liwe juu karibu na shule, yule anasema huko mwamba hauko, mwingine anakumbusha waliopeleka mawe mwaka jana kwa ahadi ambayo haijatimizwa. Katunge akaeleza kwa kirefu kwa nini bwawa lisiwe karibu na shule. Alipomaliza, akageuka huku na huku.

"Haya. Nani hakubaliani na mimi?"

Mzee mmoja akasimama akamjibu, na maneno yake hayakuwa matamu. Katunge alikaa akamsikiliza, mikono mapajani. Nikachungulia kutoka mtaroni nikaona Dkt. Wanjira ametoa daftari, anaandika mbio. Katunge naye akamwona.

"Daktari," akamwita kwa upole, "hiyo kalamu weka kwanza. Tukimaliza hapa tunabeba mawe, na mikono haitoshi."

Mzee Muli alikuwa ameshazikwa miaka mingi, lakini nilimsikia. Daktari aliweka kalamu. Raba zile hazikurudi kuwa nyeupe, na hakulalamika.

Tukarudi pamoja. Karibu na Machakos akaniambia, "Hojaji weka kwenye viambatisho, zote, hivyo hivyo zilivyo. Halafu anza upya. Usiwaulize jibu. Andika wanavyolifikia. Na uende na sururu." Kwa kikao cha idara aliandika alichoona Ekalakala, na wakaniruhusu niendelee, wakanionya kwamba muda nitakaoongezwa ni wa mwisho.

Kuanza upya! Rahisi kusema. Nilikuwa natoka ofisini Ijumaa naingia Ekalakala Jumamosi, mvua au jua, na Jumapili jioni nikawa naandika kwa meza ya jikoni mume wangu akiosha vyombo kwa kelele za makusudi. Macho yalichoka, nikawa na miwani ya kusomea na mingine ya kutafutia ile ya kwanza. Sura zilirudi zikiwa na maswali ya Daktari pembeni: "Nani anasema?" "Ushahidi?" "Hii ni hasira, si hoja." La mwisho hilo aliliandika mara nyingi, na mara nyingi alikuwa sawa. Kwa hivyo Mwende, usiandike hitimisho siku uliyoudhiwa na ripoti ya mtu. Na kazi yako ihifadhi zaidi ya mahali pamoja, kwa sababu kompyuta haina huruma na wazee. Kuna siku niliketi nikajiambia basi, natupa. Nikafikiria ule ukurasa wa "havina uongozi", nikaendelea.

Siku ya kujitetea mbele ya jopo nilivaa suti na viatu vya chini. Walikuwa wasomi watano, Dkt. Wanjira akiwa mmoja wao, pamoja na mtahini wa nje, mwanamume wa tai nyekundu aliyekuwa amebandika vikaratasi vingi ndani ya tasnifu yangu. Alienda moja kwa moja kwa viambatisho.

"Mama, unataka tuamini kwamba karatasi zinazofanana hivi ni data?"

"Nataka mwamini ni jibu moja, Profesa, na kwamba limetolewa na watu wengi waliotofautiana. Sura ya nne inaonyesha walivyotofautiana."

"Kwa nini hukuwataja waliopinga, hata kwa majina ya kubuni?"

"Kwa sababu kikundi ni kidogo, na jina la kubuni hapo halifichi mtu. Waliniruhusu niandike ugomvi. Hawakuniruhusu niandike nani."

Akaandika kitu, akatia mstari chini yake. Maswali yakaendelea mpaka koo likakauka. Kisha mwenyekiti akaniomba nitoke nje wajadiliane.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba magotini. Mlango ule haukuwa mzito. Nikasikia sauti ikipanda, nyingine ikiijibu, kiti kikasukumwa kwa nguvu. Mtu akacheka. Sauti zikapanda tena. Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa ndani ya chumba kile na mimi niko nje. Waliponiita wote walikuwa wametulia, nyuso zinafanana kabisa.

"Jopo limekubaliana," mwenyekiti akasema. "Umepita, kwa sharti la marekebisho makubwa."

Nikauma mdomo nisicheke. Marekebisho makubwa! Haikuwa kupita wazi, haikuwa kuanguka. Walikuwa wameiweka katikati.

Ukumbini nilimvuta Dkt. Wanjira kando. "Ni nani alikuwa anapinga? Ni yule wa tai?"

Alinitazama, na tabasamu likaanza kumtoka kabla hajalizuia. "Mama Ndinda, hilo ni la jopo. Siwezi kukwambia."

Marekebisho niliyamaliza, na nakala ya kwanza iliyojalidiwa sikuipeleka nyumbani. Niliipeleka Ekalakala. Niliwakuta wakimalizia ukuta wa bwawa jipya, juu karibu na shule, kwa hivyo nikajua Katunge alishindwa kwa hoja. Alipangusa mikono kwa leso, akaipokea tasnifu, akaipima uzito.

"Kwa hivyo tumepita?"

"Tumepita, mwaitu."

"Hao waalimu wote walikubali?"

"Walisema wamekubaliana. Lakini mimi niliwasikia kwa mlango, waligombana sana."

"Ni nani alikukataa?"

"Niliuliza. Wakakataa kabisa kuniambia."

Katunge akatikisa kichwa polepole, ameridhika, akanirudishia kitabu changu.

"Basi hao," akasema, "wako na uongozi."